Kabla hujamtoa mtoto skuli ya Serikali

Ripoti za Disemba zikitoka na mtoto wa darasa la tatu amekuwa wa 61 kati ya watoto 74, hazipiti siku mbili ukoo mzima una jawabu. Shangazi ameshataja skuli binafsi wanayosoma watoto wa jirani yake. Mjomba aliyeko Maskati ameshatuma sauti kwenye simu kwamba ada juu yake. Mtoto mwenyewe hajaulizwa kitu, na buku lake la hesabu bado limo mkobani, hakuna aliyelifungua.

Sisi ambao kila mwaka tunakaa na wazazi hapa Zanzibar kwenye uamuzi huu tumezoea kuanza na hilo buku. Skuli binafsi, hata iliyo nzuri, inaponya ugonjwa mmoja: mtoto ambaye mwalimu hamfikii. Kipindi cha dakika 40 kwenye darasa la watoto 70 kinampa kila mmoja kama sekunde 34. Kwenye darasa la watoto 25 kinampa zaidi kidogo ya dakika moja na nusu. Tofauti hiyo ni ya kweli, na wapo watoto inaowaokoa. Lakini mtoto asiyeona ubaoni, asiyesikia vizuri, mwenye kichocho, asiyefika skuli siku mbili kila wiki, au ambaye silabi zilimpita darasa la kwanza na tangu hapo anasukumwa tu mbele, huyo anavuka geti la skuli mpya na mzigo wake ule ule, safari hii akiwa na tai shingoni.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo haigharimu pesa. Ni kujua amekwama wapi.

Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa moja chini ya lake. Mtoto wa darasa la tatu, kitabu cha darasa la pili. Tafuta kisa ambacho hajakisoma, hesabu maneno 60 na uweke alama ya penseli mwisho wake. Kaa naye barazani au juu ya mkeka baada ya kula, bila ya ndugu zake kusimama pembeni wakicheka. Mwambie asome kwa sauti. Usimsahihishe hata kidogo, jambo ambalo wazazi wengi hulishindwa kabla ya mstari wa pili. Wewe tia nukta tu kwenye karatasi kila anapokosea. Akimaliza funika kitabu na muulize masuali matano, mawili kati yao yawe ya kufikiri na si ya kukumbuka: kwa nini alikimbia, unadhani nini kitatokea.

Akikosea maneno matatu au chini yake na akajibu masuali manne, kusoma anajua. Tatizo liko kwengine, na huyu ndiye ambaye darasa dogo linaweza kumfaa. Akisoma silabi kwa silabi mpaka akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake, anahitaji mazoezi ya kila siku, si skuli nyengine. Wa tatu ndiye anayewadanganya wengi: anatazama picha, anasema mstari wa mwanzo vizuri kwa sababu ameusikia darasani, kisha ananyamaza. Weka kidole katikati ya mstari na umuulize neno hili ni lipi. Asipolijua, hasomi, amehifadhi. Rudi naye kwenye ba, be, bi, halafu mwa, nya, ng'o, mbwe, dha, gha, na pale anapoanza kubahatisha ndipo masomo yake yanapotakiwa kuanzia, hata kama yuko darasa la nne. Vipimo hivi ni vyetu wenyewe, havikutoka wizarani, lakini mara nyingi vimetuambia zaidi kuliko ile nafasi ya 61.

Hesabu vivyo hivyo. Mpe 37 kujumlisha 25, 52 kutoa 18, 6 mara 4, na 24 kugawa kwa 6, kisha tazama mikono yake badala ya kungojea jawabu. Ile ya kutoa ndiyo inayosema mengi. Jawabu ni 34. Watoto wengi huandika 46, na mzazi huona mtoto amebahatisha. Hakubahatisha. Ametoa namba ndogo kwenye kubwa katika kila safu, 8 toa 2 ni 6, 5 toa 1 ni 4, kwa sababu siku ya kufundishwa kukopa ama hakuwepo ama hakuelewa. Fungua buku lake na utalikuta kosa hilo hilo ukurasa baada ya ukurasa, limetiwa mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, na hakuna aliyeandika kwa nini. Kosa la namna hiyo linaondoka kwa wiki moja au mbili za kukaa naye na vijiti, makumi yamefungwa kwa mpira. Kulipia mwaka mzima wa ada kwa ajili yake ni ghali.

Kuna mtu mwengine wa kuulizwa ambaye wazazi humsahau: mwalimu wa chuo cha Kurani. Muulize, mtoto huyu anasoma kwa kufuata herufi na irabu, au anafuatisha sauti za wenziwe? Mtoto aliyekwishahifadhi sura nyingi za Juzuu Amma hana upungufu wa kumbukumbu, na anayesema hana akili amekosea. Akiwa pia anaweza kuunga herufi na irabu za Kiarabu mwenyewe, basi kazi ya kugeuza alama kuwa sauti kichwani mwake inafanya kazi, na kilichomponza kwenye Kiswahili ni mafundisho au utoro. Akiwa chuoni nako anafuatisha tu, na bado akiwa darasa la tatu anageuza b na d, na umekaa naye miezi mitatu bila ya tofauti, huenda ana ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao, ule unaoitwa disleksia. Hapo uliza kwanza kuhusu elimu mjumuisho, ile ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu au ugumu wa kujifunza pamoja na wenziwao. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina kitengo chake, na baadhi ya skuli za Serikali zina walimu waliopata mafunzo hayo. Skuli nyingi binafsi hazina, na mtoto wa aina hii ndiye anayeambiwa arejee darasa mara mbili mfululizo.

Halafu mwili. Mfunike jicho moja na umuonyeshe maandishi ya ukutani kutoka upande wa pili wa chumba, kisha jicho la pili. Mtoto anayeona vizuri kwa jicho moja tu hajui kwamba haoni. Yeye anadhani watu wote wanaona hivyo. Simama nyuma yake hatua tatu, umnong'oneze ndizi, papai, fenesi, na ayarejee. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara si la kutiwa mafuta ya moto na kuachwa. Unguja wengi huishia hospitali ya Mnazi Mmoja, Pemba ya Chake Chake, lakini anzia kituo cha afya kilicho karibu upewe barua. Muulize pia rangi ya mkojo. Kichocho cha visiwani kwetu ni cha njia ya mkojo, na damu huonekana zaidi mwisho wa haja. Mtoto anayecheza mtoni au bwawani anaweza kukaa nacho muda mrefu, akipungukiwa damu na kusinzia darasani, na mwalimu akaandika kwenye ripoti: mvivu. Dawa yake, praziquantel, hugaiwa skuli kwa kumpima mtoto kimo, na aliyekosekana siku hiyo huikosa. Hakikisha siku hiyo wako alikuwepo.

Kukosekana kwenyewe ndiko kunakofichika zaidi. Muombe mwalimu wa darasa akuonyeshe mstari wa mtoto wako kwenye daftari la mahudhurio la muhula mzima. Usihesabu jumla peke yake, tazama siku zenyewe zimekaa vipi. Kwenye vijiji vya mwani utaziona zimejikusanya mafungu mafungu, kila wiki mbili, na ukichukua kalenda ya mwezi utakuta ni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mama anahitaji mikono. Pemba zinajikusanya wakati wa kuchuma karafuu: mchana kuokota, usiku kuchambua makonyo, yaani kutenga karafuu na vijiti vyake, mpaka saa tano, asubuhi mtoto hanyanyuki. Hatumlaumu mtu, karafuu haingoji. Lakini mtoto aliyekosa siku 30 amekosa siku 30, na skuli binafsi itachofanya ni kukutumia ujumbe kwenye simu kwamba leo hakufika.

Mwalimu wa darasa

Nenda kwake kabla hujaenda kokote. Usiende saa ya kuingia, nenda baada ya kipindi cha mwisho, na usianze na ripoti mkononi kama hati ya mashtaka. Maneno yenye kufaa ni mepesi: "Assalaamu alaikum, mwalimu. Nimekuja unisaidie kumjua mwanangu. Anakaa wapi darasani? Lini ulianza kuona anabaki nyuma? Na kitu gani anakiweza?" Suali la tatu ndilo lenye faida kubwa. Mwalimu aliye na watoto 70 na bado anaweza kukwambia mtoto wako anapenda kuchora ramani au ni mwepesi wa hesabu za kichwa, huyo anamjua, na kumkimbia ni hasara. Akikwambia "huyu nani tena?", nalo ni jawabu.

Muombe mambo madogo yanayowezekana: mtoto akae safu ya mbele upande wa mlango wenye mwanga, na buku lake litazamwe mara moja kwa wiki. Skuli ikiwa na mikondo miwili na wako anaingia mchana, uliza nafasi ya asubuhi. Saa nane mchana chini ya bati, baada ya asubuhi ya kazi za nyumbani, hata mtu mzima angelala.

Lugha

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Skuli nyingi binafsi zinafundisha kwa Kiingereza tangu nasari, na hiyo ndiyo sababu wazazi wanazitaka. Hoja yao ina msingi: sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, iliyoifanya msingi kuwa miaka 6, ilipanga hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto asiye na maneno hugota hapo. Lakini umri na hali ya mtoto ndivyo vinavyoamua. Anayeingia nasari au darasa la kwanza anajifunza lugha pamoja na wenziwe wasioijua. Anayeingia darasa la nne hali ya kuwa hata Kiswahili hakisomi anaongezewa ukuta wa pili juu ya ule alioshindwa kuupita. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, herufi moja karibu sauti moja. Kiingereza hakiko hivyo. Asiyeweza njia nyoofu hapelekwi kwenye yenye kona ili azoee.

Tazama linavyotokea kwenye suali moja la hesabu. Kwa Kiswahili: Mwanaidi ana maembe 12, amempa Makame 5, amebakiwa na mangapi? Mtoto anajibu 7 kabla hujamaliza. Liandike kwa Kiingereza, linamalizikia na neno left. Neno hilo amefundishwa wiki iliyopita kuwa maana yake ni kushoto. Anakaa, anatazama upande wa kushoto wa ukurasa, anaandika 12. Mwalimu anatia mkasi kwenye hesabu, na nyumbani ripoti inasema mtoto ameanguka hata kwenye somo alilokuwa akiliweza.

Kama umeamua lugha ndiyo unayoitaka, uliza mambo matatu na upate majibu yenye saa na siku ndani yake, si "tutamsaidia." Je, watoto wanaohamia wana kipindi cha lugha peke yao, mara ngapi kwa wiki, na nani anawasomesha? Je, mtoto akisema Kiswahili uwanjani anafanywa nini? Skuli inayomvisha mtoto kibao cha aibu itampa ukimya, na mtoto aliyenyamaza miezi mitatu haulizi asichokielewa. Na la tatu, watamrejesha darasa gani? Darasa moja nyuma mara nyingi ni sawa na lina faida. Mawili, mtoto wa miaka 10 akikaa na wa miaka 7, ni karibu kumwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mjinga. Kwa hilo tunasema kataa, hata kama skuli ni nzuri.

Hesabu ya fedha

Ada iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo si gharama. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu, si bei ya skuli yoyote. Ada shilingi 600,000 kwa mwaka. Gari 40,000 kwa mwezi, miezi 10, ni 400,000. Usajili 50,000, na huo haurudi hata mtoto akikaa wiki moja. Sare jozi mbili na ya michezo, 90,000. Vitabu na mabuku, 120,000. Chakula cha mapumziko 1,000 kwa siku, siku 190, ni 190,000. Jumla 1,450,000. Ada yenyewe haikufika nusu. Mtoto akiingia darasa la tatu ana miaka minne mpaka amalize la sita, na usajili ni mara moja tu, kwa hiyo ni kama 5,650,000 bei zikibaki zilivyo, na bei hazibaki. Hapo bado mahafali, safari ya darasa na tuisheni, maana skuli nyingi binafsi nazo zina tuisheni.

Kisha tazama pesa zako zinaingia lini. Anayefanya kazi hoteli anajua Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, wageni hupungua na wengine hupumzishwa; awamu ya pili ya ada huenda ikaangukia hapo hapo. Anayetegemea karafuu anajua mkarafuu haukubali kila mwaka. Aliyeahidiwa na jamaa wa nje amuulize wazi, kwa adabu lakini wazi: "Ami, ni ada tu au na gari? Ni mwaka huu au mpaka la sita?" Hakuna ubaya wa kuuliza. Ubaya ni mtoto kusimamishwa mbele ya darasa kwa sababu ada haijaja.

Njia tunayoipendekeza ni hii: gawa jumla ile ya mwaka kwa 12, kwenye mfano wetu inakuja kama 121,000, na miezi mitatu kabla ya Januari weka kiasi hicho pembeni kila mwezi kama kwamba tayari unalipa. Ukiivunja akiba hiyo kabla ya miezi mitatu kwisha, umeshajua kwamba huwezi. Tunasisitiza kwa sababu linalomuumiza mtoto kuliko kukaa pale alipo ni kuhama mara mbili: anatoka, anakaa mihula miwili, fedha zinakatika, anarudi akiwa amepoteza mada za huku bila ya kuzipata za kule. Na kama una watoto watatu na mmoja tu ndiye anayehamishwa, wengine nao wanaona.

Elimu bila malipo ilitangazwa hapa tarehe 23 Septemba 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi. Wapo wazee ambao mpaka leo kulipa ada ya msingi wanaona ni kurudi walikotoka, na wapo vijana wanaoamini cha bure hakina thamani. Tumekaa na wote wawili, na hakuna kati yao aliyekuwa amehesabu watoto waliomo darasani.

Siku ya kwenda kutazama

Usiende siku ya maonyesho, nenda Jumanne au Jumatano mnamo saa tatu na nusu asubuhi. Kwanza uliza cheti cha usajili. Skuli binafsi husajiliwa kwa Mrajis wa Elimu, na iliyosajiliwa haioni tabu kukionyesha. Kama mtihani wa Taifa unakaribia, uliza watoto wao wanafanya ule wa Baraza la Mitihani la Zanzibar au wanafuata mtaala mwengine, na kama ni mwaka wa mtihani jina la mtoto wako litasajiliwa wapi. Anayehama katikati ya mwaka wa mtihani anajitafutia mzunguko wa ofisi.

Kisha omba kuona mabuku. Watakuletea la mtoto wa kwanza. Shukuru, uliweke pembeni, uombe la mtoto wa mwisho. Kwenye buku hilo tafuta kosa lililosahihishwa, na chini yake mtoto amelifanya tena kwa mkono wake. Ukikuta kurasa nzuri zisizo na kosa hata moja, fungua mabuku ya watoto watatu ukurasa ule ule. Yakiwa na sentensi zile zile mpaka koma, wanakopi ubaoni. Hilo unaweza kulipata bure.

Uliza mwalimu wa hesabu wa darasa analokwenda mtoto ana muda gani pale. Walimu wengi wa skuli binafsi wanangojea ajira za Serikali, na majina yakitoka wanaondoka katikati ya muhula. Si kosa lao, mshahara na pensheni ndivyo vilivyo. Lakini mtoto aliyehamishwa ili apate mwalimu wa kumfikia, akibadilishiwa walimu watatu kwa mwaka, hakupata alichohamia.

Suali la mwisho huulizwa kwa upole: darasa la kwanza wameingia wangapi, na darasa la sita wapo wangapi? Ikiwa ni 40 kule na 18 huku, uliza wengine wamekwenda wapi. Ziko skuli zinazotunza sifa ya matokeo kwa kuwaambia wazazi wa watoto dhaifu, miezi kabla ya mtihani, watafute pengine. Wako ndiye dhaifu. Usiingie kabla hujajua hilo.

Na usisahau kuhesabu siku ya mtoto. Gari ikimchukua Mwera saa kumi na mbili kasorobo alfajiri kwa sababu inazunguka kukusanya watoto mpaka mjini, na ikamrejesha saa tisa na nusu, chuo kinakwenda lini? Skuli zenye Kurani na dini ndani ya ratiba zimelitatua hilo, ila kwenye hizo hesabu vipindi vya hisabati na Kiswahili vimebaki vingapi kwa wiki.

Baina ya kukaa na kuhama

Uamuzi hauna milango miwili tu. Kuhama kutoka skuli moja ya Serikali kwenda nyengine ya Serikali hakuna anayekutaja, na sasa kwa vile zimejengwa skuli za ghorofa sehemu nyingi za Unguja na Pemba, huenda iliyo karibu nawe ina madarasa mepesi kuliko unavyodhani. Nenda ukahesabu.

Ya pili ni kisomo cha nyumbani. Watoto wanne wa mtaa mmoja, mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, siku tatu kwa wiki, saa moja. Tukisema kila mzazi anatoa 30,000 kwa mwezi kwa miezi 10, ni 300,000, chini ya robo ya ile 1,450,000. Kinachoharibu kisomo hiki ni kukigeuza tuisheni ya mtihani: mtoto asiyejua silabi anapewa karatasi za mtihani wa mwaka jana akariri herufi za majibu. Mpe mwalimu karatasi yenye nukta zako na mwambie aanzie pale. Dakika 20 silabi na maneno, 20 kusoma kisa kimoja kwa sauti, 20 hesabu za kile kilichokwama, na nyumbani dakika 10 kila usiku kabla ya kulala, mkubwa yeyote akimsikiliza. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumsikiliza. Mtoto akikwama akasimama, bibi anasimama naye.

Mpe wiki nane. Akiwa amesogea, mwache alipo. Akiwa hakusogea, na macho, masikio, mwili na mahudhurio yameshatazamwa, na darasa lake kweli lina watoto ambao mwalimu hawezi kuwafikia, basi hama, na usisikilize wa kukutia hofu.

Ukihama, hama Januari. Chukua uhamisho rasmi kwa mwalimu mkuu, usimwache mtoto akapotea tu kwenye daftari, kwa sababu siku ukitaka kurudi karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia. Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti zote za nyuma. Wiki ya tatu nenda ukatazame buku, si mtoto. Mtoto atakwambia skuli nzuri kwa sababu ya bembea. Wiki ya nane nenda tena. Tumbo linalouma kila asubuhi ya skuli na likapona Ijumaa jioni lina jambo la kusema, na huyo aulizwe akiwa peke yake, labda mnapotoka dukani, si mezani mbele ya baba.

Ile karatasi yenye nukta iandike tarehe na uitie ndani ya bahasha ya ripoti. Mwezi wa Juni kitoe kitabu kile kile, chagua kisa chengine, hesabu tena maneno 60, kaa naye juu ya mkeka ule ule, na utie nukta.